Mfungwa Akidhulumiwa: Aanzie Ofisi ya Jela au Mlango wa Korti?

Mama mmoja wa Likoni alinisimamisha juzi akiwa na bahasha mkononi. "Mwanangu, wewe unayeandika mambo ya sheria, hebu nisaidie." Kijana wake alihukumiwa hapa Mombasa, akakaa Shimo la Tewa, kisha akahamishiwa gereza moja la kaunti ya Nakuru. Sasa mama amepata habari, kupitia mtu aliyemaliza kifungo, kwamba kijana ameumia mkono. Mkono umevimba, na kila akiomba kupelekwa hospitali anaambiwa angoje.

Mama ameshauliza huku na kule. Mtu mmoja nje ya korti alimwambia alete pesa, kesi itafunguliwa kesho yake. Mwengine, aliyejitambulisha kuwa anajua sheria, alimwambia asijisumbue: "Huwezi kuishtaki serikali mpaka mwanao alalamike huko huko ndani, ngazi kwa ngazi, mpaka azimalize zote."

"Sasa nani anasema kweli?" akaniuliza.

Kila mmoja ana nusu ya ukweli, na mama akishika nusu moja tu, mwanawe ataumia. Nimeona bora nijibu hapa, kwa sababu si yeye peke yake. Wafungwa wengi wa Pwani wenye vifungo virefu huishia Bonde la Ufa, hasa gereza lenye ulinzi mkali la Naivasha. Sheria inampa Kamishna Jenerali wa Magereza uwezo wa kumhamisha mfungwa kutoka gereza moja hadi jingine. Kutoka Likoni hadi mji wa Nakuru ni zaidi ya kilomita 600. Mama wa hali ya chini hawezi kwenda kila wiki kuuliza mwanawe amekula nini.

Kanuni yenyewe ni ipi?

Wanasheria wana kanuni inayosema kwamba kabla hujaenda kortini, umalize kwanza njia za malalamiko zilizowekwa nje ya korti. Sisi watu wa Pwani tunaielewa bila kusoma sheria. Mke na mume wakigombana, hawakimbilii kwa kadhi siku hiyo hiyo. Huanza kwa wazee wa pande mbili, na wazee wakishindwa ndipo faili hufunguliwa.

Korti zetu zimeishika kanuni hii kwa muda mrefu. Mwaka 1992, katika kesi ya Spika wa Bunge dhidi ya James Njenga Karume, Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba palipo na utaratibu wa wazi wa kutatua jambo, uliowekwa na Katiba au sheria ya Bunge, utaratibu huo ufuatwe. Mwaka 2015 mahakama hiyo hiyo ilirudia msimamo huo katika mzozo wa waumini wa kanisa moja, kesi ya Geoffrey Muthinja, ikisema korti iwe kimbilio la mwisho na si la kwanza.

Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala. Kifungu chake cha 9 kinasema Mahakama Kuu isipitie uamuzi wa afisi ya serikali mpaka mlalamishi amalize njia za ndani za rufaa na za kupitia uamuzi huo. Korti ikiona hajazimaliza, imwelekeze huko kwanza. Lakini kifungu hicho hicho kina mlango wa pembeni: kukiwa na hali isiyo ya kawaida, na mlalamishi akiomba, korti inaweza kumruhusu apite moja kwa moja. Aliyemshauri mama asijisumbue hakumwambia habari ya mlango huo.

Kanuni hii ina faida zake. Mkuu wa gereza anaweza kumpeleka mfungwa zahanati leo, na jaji hawezi kusikiliza kesi leo. Malalamiko ya sabuni, blanketi au barua iliyocheleweshwa humalizika haraka ofisini kuliko kortini. Tena, malalamiko yaliyoandikwa mapema huhifadhi ushahidi kabla kidonda hakijapona na mashahidi hawajahamishwa.

Jela si kama ofisi nyingine

Ugumu ni kwamba jela haifanani na ofisi ya ardhi wala shule. Ukikataliwa leseni ya biashara, unarudi nyumbani, unaandika rufaa, na jirani anakusaidia kuisoma. Mfungwa hana kalamu mpaka apewe. Barua yake hupita mikononi mwa wale wale anaowalalamikia. Akishalalamika, usiku analala chini ya ulinzi wao. Na akihamishwa gereza, malalamiko yake huenda yakabaki kule alikotoka.

Kwa hiyo kumwambia mfungwa "maliza njia za ndani kwanza" ni kumtaka aliyekanyagwa amwombe ruhusa aliyemkanyaga. Wakati mwingine ombi hilo ni la haki, kwa sababu aliyemkanyaga ni askari mmoja na mkuu wake ni mtu wa kusikiliza. Wakati mwingine ni kumziba mdomo tu.

Marekani imetuonyesha kanuni hii inafika wapi ikikazwa kupita kiasi. Mwaka 1996 bunge la huko lilipitisha sheria ya kupunguza kesi za wafungwa. Hakuna mfungwa anayeweza kufungua kesi ya haki zake katika korti za taifa kuhusu hali ya jela mpaka amalize njia za malalamiko zilizopo gerezani. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya huko, katika kesi ya Woodford dhidi ya Ngo kutoka California, ilisema haitoshi kulalamika tu. Lazima ulalamike kwa utaratibu wa jela na ndani ya muda wa jela. Muda huko California ulikuwa siku 15 za kazi, na Ngo alikuwa amechelewa kwa miezi, basi akafungiwa nje. Siku hizo zilikuwa zimewekwa na idara ile ile iliyoshtakiwa.

Miaka 10 baadaye, mwaka 2016, katika kesi ya Ross dhidi ya Blake, mahakama hiyo ilifafanua kwamba mfungwa hudaiwa kumaliza njia zilizopo kweli, si za kwenye karatasi. Ikataja hali tatu ambapo njia huhesabiwa kuwa haipo: pale maafisa hawawezi au hawataki kabisa kutoa nafuu yoyote, pale utaratibu ni fumbo ambalo mtu wa kawaida hawezi kulifumbua, na pale maafisa wanapomzuia mfungwa kwa vitisho, hila au maelezo ya uongo. Hiyo si sheria yetu, lakini maswali hayo matatu yanafaa hata Nakuru.

Kenya tunasimama wapi?

Kenya haina sheria mahsusi ya kuwazuia wafungwa kama ile ya Marekani. Tuna Katiba ya 2010, na inaanzia upande wa pili. Kifungu cha 51 kinasema mtu aliyezuiliwa au kufungwa anabaki na haki zake zote, isipokuwa ile ambayo kwa wazi haiwezi kwenda pamoja na kufungwa kwake. Anapoteza uhuru wa kutembea, lakini hapotezi haki ya kutibiwa wala heshima ya mwili wake. Kifungu cha 25 kinataja haki zisizopunguzwa kwa hali yoyote, na miongoni mwake ni kutoteswa na haki ya kuombewa amri ya kufikishwa mbele ya korti. Kifungu cha 22 kinampa kila mtu haki ya kwenda kortini haki zake zikivunjwa au zikitishiwa.

Je, kifungu cha 22 kinaifuta kanuni ya kumaliza njia za ndani? Hapana. Korti hupima. Na kipimo kinachotajwa sana kilitoka hapa hapa Mombasa.

Wengi tunaikumbuka kesi ya makontena. Serikali ilipoagiza mizigo ya bandari isafirishwe kwa reli ya SGR kwenda bara, wenye malori na makundi ya kijamii walikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na Muhuri nao wakashirikishwa kama wenye maslahi. Ni kesi ya William Odhiambo Ramogi na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, iliyoamuliwa mwaka 2020 na majaji watano. Likazuka swali kama walalamishi walipaswa kuanzia kwingine. Majaji wakasema kanuni hiyo ni muhimu lakini haina upofu. Korti itazame mambo yenyewe, sheria inayohusika, uzito wa maslahi ya umma, na kama chombo hicho kingine kinaweza kweli kuamua jambo lililoletwa. Mlalamishi akileta suala la kweli la haki za Katiba, ambalo chombo hicho hakiwezi kulimaliza, korti haitamfungia mlango. Lakini kulibandika jambo dogo jina la "haki za Katiba" ili kuruka foleni hakukubaliki.

Basi kesi ile iliyofunguliwa kwa ajili ya mizigo inayopelekwa bara kwa reli, leo inaweza kumfaa binadamu aliyefungwa Naivasha.

Desemba 2023 Mahakama ya Juu nayo ilizungumza, katika kesi ya mazingira ya Abidha Nicholus dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Ilisema kuwepo kwa njia nyingine hakumzuii mtu kuomba nafuu ya kikatiba, ikiwa njia hiyo haitoshi kumpa nafuu anayostahili. Kwa hiyo swali la kuuliza ni kama ofisi iliyopo ina uwezo wa kuponya madhara haya.

Kwa mizani hiyo, malalamiko ya mfungwa tunaweza kuyagawa mafungu mawili. La kwanza ni mambo ya uendeshaji: adhabu ya nidhamu, siku za kutembelewa, mali iliyopotea, kuhamishwa gereza. Hapa korti ina kila sababu ya kuuliza, "Mlimwambia mkuu wa gereza? Alijibu nini?" La pili ni mateso, hatari ya maisha, kunyimwa matibabu ya haraka, au mtu asiyejulikana aliko. Hapa hakuna ofisi ya jela inayoweza kutamka kwamba haki imevunjwa na kuamuru fidia. Tena kungoja kunaweza kuua. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ilimpa mfungwa wa Kamiti mwenye jinsia tata shilingi 500,000 kwa udhalilishaji aliotendewa katika kupekuliwa mwili. Fidia ya namna hiyo haitoki kwenye ofisi ya gereza.

Ngazi zenyewe

Wa kwanza kulalamikiwa ni mkuu wa gereza. Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya 2014 inampa aliyefungwa haki ya kulalamikia kutendewa vibaya. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mfungwa apate nafasi ya kulalamika kila siku, ajibiwe upesi, na asiadhibiwe kwa kulalamika.

Wa pili ni mahakimu wakaguzi wanaotembelea magereza. Hao si wafanyakazi wa Idara ya Magereza, na mfungwa anaweza kusema nao wanapofika. Juu ya mkuu wa gereza kuna Kamishna Jenerali jijini Nairobi.

Nje ya idara kuna Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ambayo pia inatajwa katika Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017, na kuna Tume ya Haki ya Utawala, tunayoiita Ofisi ya Ombudsman. Wengi hukimbilia IPOA, lakini IPOA husimamia polisi. Kijana akiumizwa katika seli ya kituo cha polisi, nenda IPOA. Akiumizwa gerezani, barua yako ya IPOA itakupotezea wiki.

Mahabusu ambaye kesi yake haijaisha ana njia fupi zaidi: siku ya kutajwa kwa kesi, anyanyue mkono amwambie hakimu. Hakimu ataandika, na maandishi hayo ni rekodi ya korti.

Saa inayokwenda kimya kimya

Hapa ndipo watu wengi huumia. Ukitaka kuishtaki serikali kwa kosa la madhara, kwa mfano kupigwa au uzembe wa matibabu, kesi ya kawaida ya madai lazima ifunguliwe ndani ya miezi 12 tangu madhara yatokee. Mtu akimdai jirani yake kwa kosa kama hilo ana miaka mitatu, lakini akiidai serikali ana mmoja. Sikuoni popote sheria hiyo inaposema saa husimama mfungwa anapongoja majibu ya barua. Mfungwa mtiifu anaweza kupanda ngazi zote kwa subira, kisha akifika juu akaambiwa umechelewa.

Zamani ilibidi pia utoe ilani ya siku 30 kabla ya kuishtaki serikali. Mwaka 2012, katika kesi ya kampuni ya Kenya Bus Service, Mahakama Kuu ilisema sharti hilo linakiuka haki ya kufikia haki iliyo katika kifungu cha 48.

Ombi la kikatiba halina miezi 12, lakini ucheleweshaji lazima uelezwe. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilikubali madai ya akina mama waliogoma kula Uhuru Park mwaka 1992 wakitaka wana wao waliofungwa kwa siasa waachiliwe. Miongoni mwao alikuwa Monica Wangu Wamwere, mama yake Koigi wa Wamwere, mwanasiasa wa Nakuru. Walikuwa wamefungua kesi baada ya zaidi ya miaka 20. Lakini hayo yalikuwa mateso ya enzi ya Rais Moi, wakati kuishtaki serikali kulikuwa kujitafutia mengine. Usiitegemee rehema hiyo kwa jambo la mwaka jana.

Niliyomwambia mama

Nilimwambia asitoe pesa kwa yule wa nje ya korti. Kifungu cha 22 kinasema hakuna ada ya kufungua kesi ya haki za Katiba. Kinaruhusu pia mtu kufungua kesi kwa niaba ya asiyeweza kuja mwenyewe, kwa hiyo mama anaweza kuwa mlalamishi. Kanuni za mwaka 2013, zinazojulikana kwa jina la Jaji Mkuu wa wakati huo Willy Mutunga, zinaruhusu Mahakama Kuu kupokea hata barua ya kawaida, mradi inaeleza haki iliyovunjwa. Mahakama Kuu ipo Nakuru na ipo Naivasha. Na Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ipo kwa ajili ya wasio na uwezo wa kumlipa wakili.

Nikamwambia pia asimdharau yule aliyesema aanzie ndani. Aandike barua leo kwa mkuu wa gereza: jina la kijana na nambari yake ya gereza, siku aliyoumia, mkono upi, siku alizoomba matibabu, na anachotaka, yaani daktari. Aweke siku chache za kujibiwa. Nakala iende kwa Kamishna Jenerali, kwa KNCHR na kwa Ombudsman. Moja abaki nayo, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Siku zikipita kimya, aende Mahakama Kuu na barua hiyo ikiwa juu ya faili. Na akisikia mkono umeanza kuoza au kijana ana homa, asingoje siku hizo. Aende kortini siku hiyo hiyo na aeleze kwa nini hakungoja.

Kwa wenye mamlaka nina ombi moja, na halihitaji sheria mpya. Kila malalamiko ya mfungwa yapewe nambari na tarehe, na mfungwa apewe kipande cha karatasi chenye nambari hiyo. Mtu akihamishwa gereza, nambari imfuate. Serikali ikimtaka mfungwa amalize njia za ndani, basi impe cha kuonyesha kwamba alizipita.

Mama alinisikiliza hadi mwisho, akaikunja bahasha yake, akauliza jambo moja: "Na wakikataa kugonga muhuri?"

Nikamwambia, mama, hapo chini ya barua andika siku, saa, na cheo cha aliyekataa. Hilo nalo jaji atalisoma.